Jogoo Hayumo Kwenye Hesabu

Shosho alilizunguka lile gari mara mbili, mikono mgongoni, kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni kabla ya kutaja bei. Akachungulia ndani. Akaona godoro, mtungi mdogo wa gesi, madumu mawili ya maji, na zile taa za rangi tulizokuwa tumefunga darini ili picha zitoke vizuri. Halafu akanigeukia.

"Mume wangu," akasema kwa Kiembu, "kwani wamekufukuza nyumba?"

Mimi ndiye kifungua mimba kwetu, nikapewa jina la guka kama desturi inavyotaka, kwa hivyo Shosho huniita mume wake na hakuna wa kumpinga. Marafiki zangu watatu walicheka hadi wakashikilia mbavu. Mimi nilicheka kidogo tu. Kodi ya chumba changu Nairobi ilikuwa na deni la miezi miwili, na chuo nilikuwa nimeacha mwaka mmoja na nusu nyuma. Hilo la chuo yeye hakuwa analijua, na bonasi yake ya chai ndiyo iliyokuwa inalipa sehemu ya karo.

Nitarudi hapo. Kwanza nataka kuongea kuhusu aina ya hadithi iliyotufikisha kwenye boma lake kule Kibugu tukiwa na taa za rangi darini.

Ukiwa na simu na bando unaijua. Inaanza na mlango wa nyuma wa gari ukifunguka asubuhi. Mbele kuna ziwa, au jangwa, au bahari. Kuna miguu miwili chini ya blanketi, kikombe cha kahawa kinachofuka mvuke, na sauti tulivu inayosema kwamba mwenyewe aliacha kazi, akauza vitu vyake vyote, na sasa anaishi barabarani kwa pesa chache kuliko kodi aliyokuwa analipa mjini. Kisha inakuja orodha: mafuta kiasi hiki, chakula kiasi hiki, malazi sufuri. Mwishoni unaambiwa kwamba hata wewe unaweza.

Nilitazama video hizo kwa mamia muhula ule nilioacha chuo. Darasani sikuwa naenda, kazi sikuwa nayo, na nyumbani sikuwa nimesema. Nilikuwa nalala mchana kwenye godoro la inchi sita, pazia limefungwa, nikimwangalia mtu wa New Zealand akikaanga mayai kando ya mto. Zilinisaidia, siwezi kudanganya. Zilinionyesha mtu asiye na anwani ambaye hakuna anayemuita mpotevu. Kwa kijana ambaye chuo kilikuwa bado kinamtumia ujumbe wa salio la karo, hiyo ilikuwa zaidi ya burudani. Kwa hivyo nikizikosoa hapa, jueni nazikosoa kama mteja wa zamani, si kama mtu aliyesimama kando ya barabara akirusha mawe.

Mpango wetu ulikuwa mkubwa. Nairobi, Embu, Meru, Isiolo, Marsabit, Moyale, na kurudi. Siku tano. Barabara ya Isiolo hadi Moyale ina sifa zake. Paul Theroux aliipita akitoka Ethiopia, wakati bado ni vumbi na mawe, na katika kitabu chake cha 2002, Dark Star Safari, anasimulia jinsi lori alilokuwa amepanda lilivyofyatuliwa risasi na majambazi. Siku hizi ni lami kutoka mwanzo hadi mwisho. Tulikuwa tunataka jangwa bila risasi, na picha.

Gari tulilikodi kwa jamaa mmoja mjini kwa Sh9,000 kwa siku. Lilikuwa HiAce ya zamani, na ukiitazama jua likiwa upande unaona kwamba chini ya rangi mpya ya kijivu kuna mstari unaozunguka mwili wote. Ule mstari wa manjano. Tangu sheria za Michuki zianze kutekelezwa mwaka 2004, kila matatu nchini ni lazima iwe nao. Kwa hivyo nyumba yetu ya magurudumu ilikuwa matatu iliyostaafu. Mahali palipokuwa na viti vya abiria 14 pakawekwa kitanda cha mbao, kabati, na sisi wanne. Pale Makutano askari alitusimamisha, akatazama ndani, akatazama tena, akauliza abiria wako wapi. Tukamwambia hakuna, ni nyumba. Akatuuliza kama nyumba ina bima ya abiria. Tulimaliza dakika ishirini pale.

Baada ya Mwea, na akina mama wa pishori waliotukimbilia dirishani, tuliingia Embu jioni. Nikasema tupande Kibugu tulale kwa Shosho usiku mmoja, kesho tuendelee Meru. Ilikuwa Aprili. Mtu yeyote aliyezaliwa upande huo wa Mlima Kenya anajua Aprili ni nini. Mvua ilianza saa tatu usiku, na asubuhi ule udongo mwekundu wa kwetu ulikuwa umeshika magurudumu kama ugali unavyoshika mwiko. Tulijaribu kutoka. Klachi ikaanza kunuka. Tukakaa Kibugu siku zote zilizobaki. Moyale sijaiona hadi leo.

Niliporudi Nairobi niliandika makala. Jukwaa moja la mambo ya usafiri lilikuwa linanunua makala fupi fupi, na mimi naishi kwa makala fupi fupi. Kichwa chake kilisema hivi: jinsi tulivyozunguka mashambani na gari-nyumba kwa Sh14,800 tu kila mtu. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Gari siku tano, Sh45,000. Mafuta Sh8,200. Chakula na gesi Sh6,000. Jumla Sh59,200, gawanya kwa wanne. Kuhusu matope niliandika aya moja ya kuchekesha. Kuhusu Mlima Kenya ukitokea alfajiri, mweupe juu ya mashamba ya chai, niliandika aya mbili, na zilikuwa nzuri, bado nazipenda. Kwenye safu ya malazi niliandika: bure.

Makala ilisomwa sana. Ndiyo kazi yangu iliyosomwa zaidi hadi sasa, na ndiyo mbaya zaidi. Kueleza ni kwa nini, itabidi nipitie vitabu kidogo.

Babu wa hadithi hizi zote ni John Steinbeck. Septemba 1960, akiwa na miaka 58 na afya yake si nzuri, alitoka nyumbani kwake Sag Harbor, New York, kwa pikapu iliyofungwa chumba mgongoni. Aliipa jina Rocinante, farasi wa Don Quixote, akambeba mbwa wake Charley, akazunguka Marekani. Kitabu, Travels with Charley, kilitoka 1962, mwaka uleule aliopata tuzo ya Nobel. Ndani yake tunakutana na mzee mpweke aliyeegesha gari chini ya miti, anachemsha kahawa na kuwasikiliza wenyeji wakiongea kama nchi yenyewe.

Miaka hamsini baadaye mwandishi wa habari, Bill Steigerwald, aliifuata njia ile ile akiwa na barua na rasimu za Steinbeck mkononi. Alichokipata ni kwamba siku nyingi Steinbeck hakuwa peke yake. Mke wake, Elaine, alikuwa naye kwa sehemu kubwa ya safari, na mara nyingi walilala hotelini, au kwa marafiki, kwenye vitanda vya kawaida. Toleo la 2012 likatoka na utangulizi unaowaonya wasomaji wasikichukue kitabu kama ripoti ya kweli tupu.

Watu walikasirika kwamba alitunga. Mimi hilo halinisumbui sana, mwandishi wa riwaya atatunga hata akiandika orodha ya sokoni. Kinachonisumbua ni kile alichochagua kufuta. Angeweza kuficha kitu kingine chochote. Alificha mke, vitanda vya kukodi, na meza za marafiki, yaani kila mahali ambapo alitegemea mtu. Upweke ndio uliokuwa bidhaa, na ili uuzike, Elaine ilibidi apungue. Nilipolisoma hilo nilifunga simu nikaiweka chini. Nilikuwa nimefanya hivyo hivyo kwa neno moja: bure.

Kitabu cha pili ni Nomadland cha Jessica Bruder, cha mwaka 2017. Bruder ni mwandishi wa habari. Aliwafuata kwa miaka kadhaa Wamarekani wazee waliopoteza nyumba au akiba zao, wengi baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, wakaanza kuishi ndani ya magari wakitafuta vibarua vya msimu: kusafisha kambi za watalii, kuvuna viazi-sukari, kupanga mizigo kwenye maghala ya Amazon kuelekea Krismasi. Yeye mwenyewe alinunua gari akaliita Halen ili aishi karibu nao. Kitabu hiki kina kitu ambacho video hazina: bei ya mwili. Magoti, mabega, vidonge vya maumivu. Unapomaliza sura, unajua mshahara wa saa moja na unajua umenunua nini na umeharibu nini.

Filamu ya Chloé Zhao iliyotokana nacho ilishinda Oscar ya filamu bora 2021. Nimeiona mara tatu. Frances McDormand anaigiza mjane anayeitwa Fern, na baadhi ya watu halisi wa kitabuni, kama Linda May, wanajiigiza wenyewe. Ni filamu nzuri na nitagombana na atakayesema vingine. Lakini kuna sehemu kamera inapoingia kwenye ghala la Amazon na kutoka haraka, safi, kama mgeni aliyeingia jikoni kwa bahati mbaya. Kisha tunarudi kwenye machweo. Filamu inaupenda upeo wa macho kuliko stakabadhi ya mshahara. Mtu aliyetazama bila kusoma anaweza kuondoka akitamani maisha ya Fern, na najua hivyo kwa sababu mimi mwenyewe, mara ya kwanza, niliondoka nikiyatamani.

Hapo ndipo rafiki yangu mmoja, yule aliyekuwa dereva wetu, huniambia niache. "Bro, watu wametoka kazini wamechoka. Wanataka mlima, wewe unawapa risiti." Ana hoja. Safari si mkutano wa chama cha ushirika. Kama hadithi ingesema tu kwamba mlima ni mzuri, ningenyamaza. Lakini hizi hadithi zenyewe ndizo zilizoleta pesa mezani. Neno lao la kwanza ni nafuu. Ukishaniambia kitu ni cha bei rahisi, umefungua daftari mwenyewe, na mimi msomaji nina haki ya kuuliza ukurasa uliochanwa uko wapi.

Na si kwamba sisi hatujui kuandika safari yenye daftari wazi. Mwaka 1901, Mjerumani mmoja, Carl Velten, alichapisha mjini Göttingen kitabu cha Kiswahili kinachoitwa Safari za Wasuaheli. Ndani yake watu wa pwani wanasimulia safari zao wenyewe. Selemani bin Mwenye Chande anasimulia msafara wa biashara kwenda bara, na humo kuna hongo: kila mwenye nchi anataka chake kabla msafara haujapita, watu wanakaa, wanabishana, wanatoa, wanaongeza. Mwalimu wa fasihi angekwambia sehemu hizo zinachosha. Mimi naona ndizo uti wa mgongo. Unajua wazi kwamba barabara ni ya watu na kwamba kupita kwako ni ruhusa iliyonunuliwa.

Ninayempenda zaidi humo ni Salim bin Abakari, Mngazija, aliyekwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 akimtumikia Mjerumani, Theodor Bumiller. Treni, meli za mtoni, magari ya farasi. Safari kama hiyo leo ingekuwa na wafuasi milioni. Lakini Salim ni mtumishi, na mtumishi haoni nchi kwa jicho la tajiri wake. Yeye ndiye aliyefika pale akiwa na kazi ya kufanya. Na wakati wenzake wazungu wanatazama, yeye anatazamwa, kwa sababu watu wa huko walikuwa hawajaona mtu mweusi. Hawezi kujidanganya kwamba anapita kama upepo. Anajua ana mwili, na mwili huo unachukua nafasi barabarani kwa watu wengine.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Binyavanga Wainaina. Hadithi yake iliyoshinda tuzo ya Caine 2002, Discovering Home, ni safari ya kurudi: kutoka Afrika Kusini hadi Kenya, kisha hadi Uganda kwenye sherehe ya kumbukumbu ya ndoa ya babu na bibi yake. Binyavanga alikuwa ameenda kusomea biashara huko Transkei na hakumaliza. Sikuwa najua hilo nilipoisoma mara ya kwanza nikiwa kidato cha nne. Nilipoisoma tena nikiwa nimeacha chuo, niliona kila gari analopanda limejaa watu, na kila mwisho wa barabara kuna jamaa wanaomngoja na chakula na maswali. Uhuru wake haumfungii mlango mtu yeyote. Na anayeuliza amekuwa akifanya nini miaka hiyo yote hayuko mbali.

Hapo nikaelewa kwa nini video za New Zealand zilikuwa dawa nzuri. Mwishoni mwa barabara zile hakuna anayeuliza.

Agosti nilipanda tena Kibugu. Mara hii kwa matatu, Sh500 hadi Embu, nyingine ya kupanda mlima, nikateremka sokoni kwenye ukungu ule wa Agosti ambao huingia hadi kwenye soksi. Probox ya muguka ilitupita kwenye kona ikiwa kasi kama kawaida yao, kwa sababu mzigo ule usipofika mbichi ni hasara. Nilifikiria dereva yule, anayeishi barabarani kuliko mtu yeyote niliyewahi kumtazama kwenye YouTube, na hana video hata moja.

Shosho alikuwa ameketi jikoni anapukuchua maharagwe. Jirani alikuwa amemwambia kwamba niliandika habari za Kibugu na zikasomwa hata Nairobi. Alitaka kuzisikia. Nikatoa simu nikaanza kumsomea, nikigeuza Kiswahili changu kuwa Kiembu papo hapo, na kwa Kiembu zile aya za mlima zilipungua mafuta haraka sana. Alitikisa kichwa kwa heshima. Nikafika kwenye hesabu. Gari. Mafuta. Chakula na gesi. Malazi, bure.

Akaacha kupukuchua.

"Na jogoo?"

"Jogoo gani, Shosho?"

"Yule mlimkula."

Alikuwa ametuchinjia jogoo siku ya pili, yule mkubwa mwekundu, kwa sababu wageni kutoka Nairobi hawawezi kukaa siku tano bila kuchinjiwa. Nikamwambia hakununuliwa, ndiyo maana hayumo. Akaniangalia kama mtu anayemsikiliza mtoto akieleza jinsi dirisha lilivyojivunja.

"Na maziwa? Na kuni? Vijana wa Njeru waliosukuma gari siku mbili? Na ile waya ya stima mliyovuta dirishani kwangu, tokeni zikaisha Jumatano?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa anahesabu tu, kidole kwa kidole, kama anavyohesabu kilo kwenye kituo cha kununulia chai, asije karani akamkata.

Sina jibu la kifasihi kwa swali la jogoo. Nimesoma uhakiki mwingi, mwingine ndani ya darasa na mwingi nje, na sijawahi kuona makala yangu ikikaguliwa vizuri hivyo. Alisikia orodha mara moja, akaona pengo, akaliita kwa jina.

Halafu, kwa sababu mkaguzi mzuri haachi ukurasa mmoja, akauliza, "Na karo ya Januari, ile niliyotuma, ilitosha?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, kutoka muhula ule wa pazia lililofungwa. Kwamba Januari sikuwa chuoni. Kwamba pesa zilienda kwenye kodi, na nyingine, Sh14,800 kamili, zilienda kwenye gari lililokuwa limeegeshwa hapo nje likinuka klachi. Kwa mwezi chai yake ilikuwa inalipwa kama Sh23 kwa kilo ya majani mabichi. Siku moja ya kukodi lile gari ni karibu kilo 400. Yeye, kwa umri wake, akichuma kilo 15 kwa siku anasema Mungu amemsaidia. Fanya hesabu. Ni siku ishirini na sita za kikapu mgongoni, umande hadi magotini, ili sisi tulale usiku mmoja ndani ya matatu iliyostaafu tukijiona huru.

Alikaa kimya muda mrefu. Nje mvua nyepesi ilianza kupiga mabati. Nilingoja anifukuze au alie, na sijui ningependelea lipi.

"Ungeniambia," akasema mwishowe, "ningenunua ng'ombe."

Akarudi kwenye maharagwe yake. Baada ya dakika kadhaa alinisogezea sinia, nami nikaanza kupukuchua. Hakusema amenisamehe. Usiku alipakua chakula kama kawaida. Asubuhi alinifungia viazi na ndizi kwenye mfuko wa plastiki wa unga, akanisindikiza hadi barabarani, na matatu ilipofika akamwambia kondakta asinitoze zaidi kwa mzigo.

Tangu hapo nasoma hadithi za safari kwa njia moja tu, na naipendekeza kwenu. Tafuta safu ya sufuri. Katika kila hadithi ya safari ya bei nafuu kuna kitu kilichoandikwa bure, na bure ina mwenyewe. Wakati mwingine ni mke aliyefutwa kwenye rasimu. Wakati mwingine ni kijiji kilichotoa maji. Huko Marekani ni bibi wa miaka 70 anayeinama mara elfu ghalani ili kifurushi kifike haraka. Mwandishi mzuri atakuonyesha mwenye bure, hata kwa sentensi moja, na kitabu hakitapungua utamu. Binyavanga hakupungua. Salim bin Abakari, zaidi ya miaka 120 baadaye, hajapungua. Mwandishi mvivu atakupa machweo mahali pa huyo mtu, na ukiyatazama sana utaona yamewekwa pale kama pazia.

Sisemi msisafiri. Kodini hayo magari, pandeni hadi Moyale mkiweza, mkifika kwenye lile daraja la Nithi pungueni mwendo, kwa sababu Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 hawakurudi nyumbani. Na ile alfajiri ya Kibugu, mlango wa nyuma ukiwa wazi, chai yote ikiwa na umande na mlima umejitokeza kwa dakika kumi kabla mawingu hayajaufunika, ilikuwa kweli. Sikuitunga. Ilikuwa inastahili zile aya mbili. Ilistahili tu kuwa na mtu mmoja zaidi ndani yake, mama mzee aliyekuwa ameshaamka saa kumi na moja, anapuliza moto ili tupate maji ya kuoga.

Niliwaandikia wale wa jukwaa la usafiri nikiomba kurekebisha hesabu. Hawajajibu, na sidhani watajibu. Kwa hivyo naiweka hapa. Gari, Sh45,000. Mafuta, Sh8,200. Chakula na gesi, Sh6,000. Maziwa ya siku tano. Kuni. Tokeni za stima. Nguvu za vijana wanne, siku mbili. Jogoo mmoja, mwekundu, mkubwa. Bonasi ya mwaka mmoja.

Jumla bado sijaipata. Natuma kidogo kidogo kwa M-Pesa, kila makala ikilipwa, hii ikiwemo. Mara ya mwisho alinipigia kuuliza pesa ni za nini. Nikamwambia ni za ng'ombe. Akasema kwa kasi hiyo nitamnunulia mkia kwanza.